Magimbi ya Bwawa la Juu

Siku ile tuliokuwepo ni hawa. MaNgcobo, mwenye shamba. Themba, msimamizi wa kikosi chetu, ambaye muda wote alitazama mabuti yake. Jabu, dereva wa lori la takataka, ambaye hakuzima injini mpaka alipoambiwa. Meneja mpya wa hifadhi, aliyekaa ndani ya gari lake, mlango wazi, mguu mmoja nje. Safari, mdogo wangu. Mimi, Mapendo. Na bata bukini wawili waliokuwa wakilea vifaranga pale kila mwaka bila mtu kuwauliza kibali.

Nawataja wote kwa sababu tangu hapo nimeisikia habari ya siku ile ikisimuliwa na watu wanaosema hawakuwepo. Walikuwepo.

Nyinyi mliobaki kwenye kikosi cha mabwawa mliniomba, siku mliponiaga kwa keki na blanketi, niwaandikie kazi ilivyokuwa. Wengi wenu mmetoka kwetu Kivu, mmoja wenu Kigoma, basi naandika kwa Kiswahili. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo Neema, mdogo wetu wa mwisho, amenisahihishia herufi. Maneno ni yangu. Vyeo na mishahara sitaviandika, havijazi mstari. Nitaandika juu ya maji, juu ya mama aliyenifundisha maji, na juu ya deni nililo nalo kwake. Si deni la fedha. Lingekuwa la fedha ningekwisha kulilipa, hata kama ni kwa kubeba mizigo.

Nilifika Durban nikiwa na wadogo wawili. Baba alifia Uvira, mama alifia njiani, na kuanzia hapo mimi, dada mkubwa, ndiye niliyeulizwa kila asubuhi, "Yaya, tutakula nini?" Neema alikuwa wa kushikwa mkono. Safari alikuwa wa umri ule ambao mtoto anakumbuka mama yake vipande vipande: mkono, kitenge, chungu. Tulipanga chumba Sydenham, nyuma ya nyumba ya watu, na mimi nikawa nashuka soko la Warwick kuwabebea wafanyabiashara mizigo.

Huko ndiko MaNgcobo aliponiona. Alikuwa ameshuka kwenye teksi na mafungu makubwa ya matete ya kuwauzia akina mama wa mikeka. Wabebaji wengine walikuwa na mikokoteni. Mimi nilikuwa na kamba. Niliipitisha kwenye paji la uso, mzigo ukakaa mgongoni, kama wanawake wa kwetu wanavyopandisha mizigo milimani, nikaondoka nao.

"Hawu! Huyu anavuta kwa kichwa kama ng'ombe wa jembe!" akawaambia wenzake. Kisha akanikimbilia, akaniita ntombi, yaani binti. "Wena, ntombi! Shingo hiyo umeitoa wapi?"

"Congo, Ma."

"Huko kwenu kuna kinamasi?"

"Kipo, Ma. Kingi."

"Unaogopa nyoka?"

"Akiwa mkubwa."

"Wetu ni wakubwa. Njoo Jumatatu kwenye mabwawa ya hifadhi, ninakofanya kazi."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Nasikia siku hizi kuna usaili.

Jumatatu ile msimamizi wa wakati huo, mzee aliyestaafu kabla ya wengi wenu kuja, alinipa mabuti mawili ya mpira, yote ya mguu wa kushoto, akaninyooshea kidole kwenye bwawa la juu. Nilipofika nikakuta kati ya njia na maji kuna magimbi. Kwetu tunayaita mateke, hapa wanayaita amadumbe, mmea ni uleule: majani mapana kama sinia, yamesimama ndani ya matope, na maji yanapita polepole katikati ya shina na shina. Wenzangu walikata katikati wakaenda zao. Mimi nikasimama.

Kwetu kinamasi hakikosi mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe ni mwanamke. Hupiti shambani kwa mtu bila kumwita, hata kama humwoni, kwa sababu mara nyingi ameinama. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena kwa sauti. Nyuma yangu wakaanza kucheka.

"Jamani, anabisha matope! Anataka yamfungulie!"

Majani yakatikisika, MaNgcobo akainuka katikati, matope mpaka viwiko.

"Nani anapiga kelele?"

"Mimi, Ma. Naomba kupita shambani kwako."

"Nani kakwambia ni shamba?"

"Yamepandwa kwa mistari."

Akawatazama wale waliokuwa wakicheka, mmoja baada ya mwingine. "Hawa wananipitia hapa miaka yote kama mbuzi," alisema. "Pita, ntombi. Kanyaga pale penye jiwe."

Tangu siku ile akanifundisha kazi. Wale wengine walikuwa wameajiriwa wakati mmoja na yeye na hawakuwahi kufundishwa kitu, na mpaka leo wapo wanaoamini nilimpa dawa.

Nilichofundishwa ni hiki, na mnaweza kukitumia. Bwawa si beseni. Beseni unalijaza likakaa. Bwawa lazima maji yaingie na yatoke, na kazi yetu yote ni kwenye kutoka. Zile mbao za mlango wa maji mnazoziona zimepangwa moja juu ya nyingine ndani ya mfereji wa zege, msiziinue kwa nyundo, zinapasuka. Zinainuliwa kwa kulabu mbili, watu wawili, kwa pamoja, na anayehesabu ni mmoja tu. Mbao zikivuja, msikimbilie simenti. Mimina vumbi la mbao upande wa juu, maji yenyewe yatalivuta mpaka kwenye ufa na kuuziba. MaNgcobo alikuwa akiliomba vumbi hilo kwa fundi wa majeneza. Alisema ni mbao nzuri kuliko zote mjini, watu wanazinunua mara moja.

Mwisho wa majira ya joto ndio wakati mgumu. Maji yamepashwa moto miezi yote, gugu maji limefunika, chini yake kumeoza. Asubuhi ukisikia samaki wakipiga midomo juu ya maji kama watu wanaokunywa chai ya moto, ujue hawana hewa, na usianze kung'oa gugu kwa fujo, utakoroga ule uozo uwaue wote. Toa ubao. Mmoja. Kesho mwingine. Acha maji ya chini, yale meusi, yatangulie kutoka. Yakianza kwenda wazi, hapo ndipo uingie na reki ya meno marefu. Mwaka mmoja tulipewa amri ya kutoa mbao zote kwa siku moja kwa sababu kulikuwa na wageni. Wageni walikuja na watoto wao, wakatazama samaki waliokufa, wakaondoka. Sisi tukabaki na kuzika samaki.

Na vaeni suruali ya mpira hata kama jua linachoma. Kichocho hakijali kama una haraka.

Wakati huo huo mbayuwayu hujaa kwenye matete jioni, wanajikusanya kurudi kaskazini. Wanapita juu ya kwetu. Kwa miaka mingi niliwaangalia kwa wivu, mimi niliyekuwa nikipanga foleni kuanzia alfajiri kuongezewa muda wa karatasi yangu ya ukimbizi.

Sasa lile shamba. Lilikuwa pale maji yanapoingilia bwawa la juu, kipande kidogo. Msimamizi yule mzee alikuwa amempa MaNgcobo akitumie, kwa sababu Jumapili na sikukuu, wakati hakuna mtu analipwa, MaNgcobo alikuwa anakuja kutazama mbao. Walipeana mkono, yakaisha. Mbegu ilitoka kwa bibi yake, na bibi yake aliikuta kwa mama mkwe. Yale magimbi yalikuwa na kazi yake pia: mchanga uliotoka juu na mvua ulinaswa kwenye mizizi, na maji yaliingia bwawani yakiwa yamepungua nguvu. Lakini sitaki kulipamba shamba. Lilikuwa shamba la chakula. Mwanamke mmoja alilima akala, akauza kidogo, akagawa.

Alitugawia sisi. Majira yetu ya kwanza ya baridi hapa, kabla sijapata mshahara wa maana, alinipa mfuko wa amadumbe kila Ijumaa. Nilichemsha na chumvi chumbani Sydenham. Siku ya kwanza Safari alipomenya moja akaacha kula. Akalishika tu.

"Yaya, hii ni ya mama."

"Ni ya MaNgcobo. Kula."

"Apana. Ni ya mama. Njo hii alikuwa anapika."

Nikamwacha aseme hivyo. Alikula mpaka nikaogopa. Kuanzia hapo, kwa Safari, magimbi ya MaNgcobo yalikuwa ya mama yetu, na mimi sikuona ubaya wowote.

Alipokua nilimwombea kazi kwenye kikosi. Alikuwa mchangamfu, Kiingereza chake kizuri kuliko changu, anajua kucheka na wakubwa. MaNgcobo alimpenda. Alimwita mjukuu na kumpiga kofi la kisogo alipokanyaga mstari.

Halafu akaja meneja mpya. Sitamsema vibaya zaidi ya inavyostahili. Alikuwa mtu mwenye adabu, alisalimia, alijua majina yetu kwa juma moja. Alikuja na kazi moja kubwa kichwani: mimea yote ya kigeni itoke kandokando ya maji, ibaki ya asili ya hapa tu. Kazi yenyewe tulikuwa tukiifanya siku zote. Gugu maji ni la kigeni, na limetuumiza mgongo. Mimi mkimbizi nimeishi katika nchi hii kwa kung'oa wageni. Kichekesho hicho nilikiona mapema, sikuhitaji kuelezwa, ingawa wengi walijitolea kunieleza.

Siku moja meneja alikuwa akizunguka bwawa la juu na simu yake, anapiga picha majani. Safari ndiye alikuwa karibu. Mimi nilikuwa majini, nasikia kila neno.

"Na huu?" meneja aliuliza, ameshika jani la gimbi.

Safari akaacha reki. Nilimwona anavyojinyoosha.

"Huu ni wa kwetu, bosi. Wa Congo."

"Kweli? Wa Congo?"

"Kabisa. Mama yangu alilima hii. Hapa wanakula lakini hawajui kupika kama sisi. Hii ilitoka kwetu, ikaja huku. Kama sisi tu!" Akacheka. Meneja naye akacheka, akapiga picha mbili, akamshukuru.

Nilitoka majini. "Safari, umemwambia nini yule?"

"Nimemwambia iko chakula ya kwetu. Amefurahi sana, yaya. Hukuona?"

"Umemwambia ni mgeni."

"Nimemwambia ni *yetu*."

Nimefikiri sana juu ya maneno yale. Hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana nia mbaya ningeiadhibu. Mtoto aliyekua bila kitu alitaka kitu kimoja tu katika nchi hii kiwe chetu. Akachagua cha mtu mwingine.

Majuma machache baadaye, mwisho wa majira ya joto, magimbi yakiwa yamekomaa na MaNgcobo akisubiri tu matope yapungue ili avune, Themba alitusomea sehemu za kusafishwa. Bwawa la chini, gugu maji. Kijito, mibono pori. Bwawa la juu, pale maji yanapoingia, yote.

"Yote yapi?" nikamuuliza.

"Eish, Mapendo. Yote. Wewe unajua."

Tulikwenda. MaNgcobo alikuwa amefika kabla yetu, amesimama katikati ya shamba lake, mikono imekunjwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia rasmi. Alimsikia Jabu akiulizia lori kubwa, akaelewa. Themba akanipa panga, maana mimi ndiye niliyekuwa mkongwe baada ya MaNgcobo.

"Anza wewe."

"Sianzi."

"Usinifanyie hivi mbele ya bosi."

"Shamba hili lina mwenyewe. Mwenyewe yule pale. Muulize yeye."

Themba akaenda mpaka kwenye gari, akainama mlangoni. Walizungumza. Meneja alitikisa kichwa kwa upole, kama daktari anayekuambia jino halitapona. Themba akarudi bila kunitazama.

"Anasema atakayekataa arudishe mabuti leo. Na ndugu yake arudishe pia."

Safari akanishika mkono. "Yaya, acha kichwa nguvu. Kodi tutalipa na nini? Neema iko mwaka ya mwisho!"

"Nyamaza. Mdomo wako ndio umetuleta hapa."

"Mimi nilisema nini? Nilisema kintu ya ubaya?"

MaNgcobo hakujua Kiswahili, lakini ugomvi wa ndugu unaeleweka kwa lugha yoyote. Akaja mpaka ukingoni.

"Anasema nini mjukuu?"

"Anasema kodi ya nyumba, Ma."

"Na yule mdogo, wa shule?"

"Na yule pia."

Akafungua kitambaa cha kichwa, akajifunga kiunoni, akanyoosha mkono.

"Lete panga."

"Hapana, Ma."

"Mapendo. Lete."

Hakuwa amewahi kuniita jina langu. Siku zote nilikuwa ntombi. Nikampa.

Alianzia mstari wa karibu na maji. Alikata kila jani shingoni, si kwa hasira, akayalaza upande mmoja kama mtu anayevuna. Themba akamwita bibi kwa Kizulu, "Gogo, acha, tutafanya sisi." Akamjibu bila kuinuka, "Nyinyi mtayakatakata ovyo." Kisha akapiga kelele kwa Jabu, "Na wewe zima hilo lori, linanipigia kelele!" Jabu akazima. Hapo ndipo ikawa kimya, panga tu, na bata bukini wakilalamika.

Meneja alitazama kidogo. Alipoona kazi inaendelea akaingiza mguu ndani, akafunga mlango, akaondoka.

Safari alibeba majani kupeleka kwenye lori. Alibeba kwa bidii, hakumtazama mtu. Mimi nilikuwa nimesimama tu, mpaka MaNgcobo aliponikemea. "Usisimame kama nguzo. Chimba. Makubwa weka kwenye gunia. Vitoto weka kwenye ndoo, ufunike na matope."

Vitoto ni vile vidogo vinavyozunguka gimbi la mama, ndiyo mbegu. Nikajaza ndoo zote za kikosi zilizokuwepo. Nilipofunika ya mwisho MaNgcobo akainama karibu nami, anahema.

"Utanirudishia," alisema.

"Wapi, Ma?"

"Penye maji yanayotembea. Haya hayataki maji yaliyokaa."

"Nitakurudishia."

"Mimi sitaki samahani. Mjukuu akija na samahani mwambie akae nayo. Nataka yakae kwenye maji."

Nikasema ndiyo. Mbele ya Themba, Jabu, Safari na bata bukini. Jambo alilolifanya mdogo wangu ni langu, hivyo ndivyo tulivyolelewa, na hata kama tusingelelewa hivyo, kazi niliyoendelea kuifanya kesho yake ilinunuliwa kwa shamba lile. Neema alimaliza shule kwa shamba lile. Leo ana kazi ya ofisini, ana kiti kinachozunguka.

MaNgcobo alifanya kazi mpaka mwisho wa mwezi, akaacha. Jumapili iliyofuata mbao hazikuwa na mtu. Nikaanza kwenda mimi.

Nililokuja kuliona baadaye si fumbo. Mvua kubwa ilipokuja, mchanga uliingia bwawa la juu moja kwa moja. Mwaka mmoja, miwili, bwawa likawa matope, matope yakawa nyasi. Meneja yule alikuwa amekwisha kuhamishwa. Aliyemfuata alikuta nyasi, akaamini ni nyasi tangu zamani, akaweka mabenchi. Siku hizi watu wanapigia picha za harusi pale. Mmewaona. Viatu vya maharusi vinazama kidogo, wanashangaa unyevu unatoka wapi.

Safari hakukaa kwenye kikosi. Ana duka la simu Overport sasa, anauza vioo na chaja, anafanya vizuri, namshukuru Mungu. Nilimwendea nilipokaribia kustaafu, nikamwambia twende pamoja kwa MaNgcobo.

"Kufanya nini, yaya?"

"Kumsalimia. Kumwambia bado tunakumbuka."

"Yaya, ile ilikuwa majani." Alikuwa akifuta kioo cha simu ya mteja, anakipulizia pumzi. "Si ulifanya kazi yako mpaka karibu retraite, mpaka kupumzika?"

"Nilifanya."

"Basi."

Mteja akaingia. Nikatoka. Nilivuka barabara taa za roboti zikiwa nyekundu, gari likanipigia honi, na dereva akanitukana kwa Kizulu kizuri ambacho alinifundisha MaNgcobo.

Ndoo zile ziko uani Sydenham. Mwenye nyumba amelalamika, amezoea, amelalamika tena. Kila mwaka nabadilisha udongo, nagawa vitoto, napanda upya, ili mbegu isife. Nilijaribu kuyapanda kwenye mfereji nyuma ya nyumba, kwa kuwa maji yake yanatembea. Ni maji ya kufulia. Yalimea makubwa, na nilipoyachemsha yaliwasha koo mpaka usiku. Nilimuuliza meneja wa sasa kama naweza kupata kipande kidogo chini ya uzio, pale kijito kinapovuja. Alisema ni wazo zuri sana. Amesema hivyo kila nilipomuuliza. Sasa nimestaafu, ufunguo wa geti nimerudisha, na anayeuliza kutoka nje ya geti ni mgeni wa kawaida, saa za kutembelea zimeandikwa.

Siku yangu ya mwisho, kabla ya keki yenu, nilipanda mpaka bwawa la juu. Nilisimama penye ukingo wa zamani, nikapiga hodi. Bwana mmoja aliyekuwa na mbwa akageuka, akauliza kama nimepotea.

Juma lililopita nilikwenda kwa MaNgcobo. Anakaa kwa binti yake, kilimani, ua wote ni zege. Macho yamepungua. Nilifika na sufuria imefungwa kwa taulo, nikasimama getini.

"Hodi, Ma."

"Pita, ntombi," akaitikia kutoka ndani. "Kanyaga pale penye jiwe."

Hapana jiwe pale. Nilipita.

Binti yake akatuletea chumvi. MaNgcobo akamenya moja kwa vidole, polepole, akachovya, akatafuna. Niliangalia mdomo wake kama wanafunzi wanavyomwangalia mwalimu anayesahihisha.

"Ya ndoo haya," akasema.

"Yebo, Ma," nikakubali.

"Mwaka jana pia yalikuwa ya ndoo."

"Yebo."

Akamenya nyingine. Alikula yote, hakubakiza hata kwa mjukuu wake halisi, akafuta vidole kwenye gauni.

"Mimi bado nipo," alisema. "Lakini usichelewe."

Nilirudi Sydenham na sufuria tupu. Ndoo ziko uani. Zimechipua tena.